Namna ya kukadiria kikosi cha raga kabla kocha hajakitangaza

Kila Simbas, timu ya taifa ya raga ya Kenya, wanapokaribia mechi, vijana wanaoanza kuandika habari za raga huuliza swali lile lile: utajuaje nani atapangwa? Juzi nimeketi na mmoja wao tukakadiria kikosi kizima, na hizi ndizo hatua tulizofuata. Ni za raga ya wachezaji 15. Ile ya saba ina hesabu zake.

1. Andika namba 1 hadi 23 kwenye karatasi

Penseli na kifutio. Namba 1 hadi 15 wanaanza mechi, 16 hadi 23 ni wa benchi. Lahajedwali silipendi kwa kazi hii, kwa sababu linakuvuta upange wachezaji kwa alama, nani wa kwanza, nani wa pili. Kocha hapangi hivyo. Anajaza nafasi 23 zinazotegemeana, na ukibadilisha moja, mbili nyingine zinatikisika.

2. Ondoa wasioweza kucheza

Majeruhi na waliofungiwa unawajua. Wanaosahaulika ni waliopata mtikisiko wa ubongo. Tangu Julai 2022, kwa mwongozo wa World Rugby, shirikisho la raga duniani, wengi wao hukaa nje siku 12 au zaidi. Kwa hiyo aliyeumia Jumamosi hii, ya wiki ijayo mfute. Lakini kutolewa uwanjani kwa ajili ya kupimwa si uthibitisho; akipimwa akarudi kucheza, mwache kwenye orodha.

Kwa mchezaji anayeishi ng'ambo, uliza mambo mawili. Je, ana haki ya kuichezea nchi hii? Awe amezaliwa hapa, au mzazi, babu au bibi yake amezaliwa hapa, au awe amesajiliwa kucheza raga hapa pekee kwa miezi 60 mfululizo, au amekaa hapa jumla ya miaka 10. Na je, mechi iko ndani ya dirisha la kimataifa, kama la Julai au Novemba? Nje ya hapo, klabu yake hailazimiki kumwachia.

3. Jaza wa uhakika

Angalia vikosi vitatu vya mwisho vya kocha huyu huyu, si vya aliyemtangulia. Nahodha, flai-hafu (jezi namba 10, anayeongoza mchezo), propu wa kulia (namba 3, nguzo ya upande wa kulia wa skramu, pale timu mbili zinaposukumana kugombea mpira): makocha hawapendi kugusa hapo bila sababu.

4. Anza na benchi, kisha rudi kwenye nafasi zilizobaki

Hapa ndipo kazi ilipo. Watu wengi hupanga 15 wa kuanza, halafu wanawatupia benchi walioachwa. Fanya kinyume.

Sheria inasema ukitaja wachezaji 23, angalau sita wawe na uwezo wa kucheza safu ya mbele ya skramu, ili propu wa kushoto, huka (anayesimama katikati yao) na propu wa kulia kila mmoja awe na wa kumrithi. Kwa hiyo 16, 17 na 18 tayari wana wenyewe. Hapo mchezaji wa kiwango cha kati anaweza kumshinda nyota. Propu anayeweza kusukuma skramu pande zote mbili ana thamani kubwa, lakini usimwandike kwa sababu umesikia anaweza. Tafuta mechi aliyocheza upande ule wa pili, dhidi ya skramu nzito. Kwenye Kenya Cup, ligi kuu ya raga ya Kenya, mechi ya klabu za Kabras na KCB itakuonyesha mengi kuliko ushindi wa pointi 60 dhidi ya timu ya mkiani.

Zinabaki jezi tano. Kwa benchi zima la wanane, hao watatu wakiwemo, kocha atachukua mafowadi (wanaosukuma skramu) watano na mabeki (wanaokimbia nyuma yao) watatu, au sita kwa wawili? Akichagua sita kwa wawili, beki wa akiba anayecheza nafasi moja tu yuko hatarini, hata awe anafunga trai kila wiki. Anayeweza kusimama senta, winga na fulbeki ndiye anayepanda ndege.

Mfano mzuri ni Afrika Kusini kwenye Kombe la Dunia la 2023. Huka Malcolm Marx aliumia Septemba. Kila mtu angesema huka mwingine ataitwa. Akaitwa Handré Pollard, flai-hafu. Nafasi ya huka wa pili ikabebwa na Deon Fourie, ambaye miaka ya karibuni alikuwa akicheza zaidi flanka, fowadi wa pembeni mwa skramu. Kwenye fainali benchi lilikuwa na mafowadi saba na beki mmoja, Willie le Roux. Faf de Klerk akaanza bila skramu-hafu (jezi namba 9, anayetoa mpira kwenye skramu) wa akiba, ingawa kikosi kilikuwa na wengine watatu. Dakika za mwanzo tu Bongi Mbonambi akaumia, Fourie akaingia na kucheza karibu mechi nzima, na wakashinda 12-11.

Ukiwapima wale skramu-hafu watatu kwa fomu pekee, usingeelewa kwa nini wamekosa. Waliachwa kwa sababu kocha alitaka miguu mipya ya mafowadi kipindi cha pili. Kwa hiyo kwa kila jina la zile jezi tano za benchi jiulize: akitoka nani, huyu anaingia wapi? Ukikosa majibu mawili, mweke nje.

5. Tazama mechi nzima

Video fupi za trai zitakudanganya. Mtazame mchezaji wako asipokuwa na mpira: anaamka haraka baada ya kukaba? Dakika ya 65 bado anakimbia? Mechi mbili nzima zinatosha.

6. Toa hukumu

Kila jina lipate neno moja: anaanza, benchi, au nje. Andika na sababu, ili kikosi kikitangazwa uone ulipokosea kufikiri, si jina tu ulilokosa.

Kisha usiitupe karatasi. Propu wa kushoto akijitonesha akipasha misuli, namba 17 anaanza, na 17 mpya anatoka nje ya orodha iliyotangazwa. Andika jina la 24 mapema, na mara nyingi liwe la mtu wa safu ya mbele.