Kuchagua viza ya kuhamia nje ukiwa Dodoma: anza na sababu, nchi ifuate

Wengi wanaokuja ofisini kwangu hapa Dodoma huanza na jina la nchi. "Mimi nataka Kanada." "Kaka, nitafutie ya Ujerumani." Kazi yangu ni kupanga makabrasha ya watu wanaohama, na kabla sijagusa karatasi yoyote nauliza: Jumatatu ya kwanza ukiwa kule, asubuhi utakwenda wapi? Darasani? Kazini? Au utakuwa nyumbani kwa mumeo? Viza hutolewa kwa shughuli. Nchi ileile moja inaweza kukukataa ukiomba kama mtalii na kukukubali ukiomba kama mwanafunzi.

Hatua ya 1: Andika sababu yako kwa sentensi moja

Chukua daftari uandike: "Nakwenda kusoma shahada ya pili ya lishe, miaka miwili." Au: "Nakwenda kuishi na mke wangu anayefanya kazi kule." Ukishindwa kuiandika bila "labda" na "nikifika nitaona", bado hujafika wakati wa kulipia viza. Nasema hivi kwa sababu ada ya viza hairudi hata ukinyimwa, na nimeona watu wakiuza kiwanja kwa ajili ya safari ambayo wenyewe hawakuweza kuieleza.

Hatua ya 2: Tafuta mlango unaolingana na sentensi hiyo

Viza ya matembezi ndiyo inayopoteza watu wengi. Ile ya Schengen, yaani viza moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya, inakuruhusu kukaa siku 90 ndani ya kila siku 180, na ya matembezi Uingereza kwa kawaida ni hadi miezi 6. Zote mbili hazikupi ruhusa ya kuajiriwa. Mtu akikwambia "ingia kwa matembezi, ukifika utabadilisha," muulize ni sheria gani inayosema hivyo. Ukikamatwa unafanya kazi, rekodi hiyo itakufuata kila utakapoomba tena.

Viza ya masomo inaanzia chuoni. Ukiwa huna barua ya kukubaliwa, hakuna cha kujaza. Kwa Uingereza chuo hukupa namba maalumu ya udhamini, na ujue kwamba tangu Januari 2024 wanafunzi wengi hawaruhusiwi tena kuambatana na mwenza na watoto, isipokuwa wa shahada za utafiti. Hili liongeleeni nyumbani mapema, maana ndoa nyingi zimeingia kwenye mtihani kwa kulijua uwanja wa ndege.

Viza ya kazi inaanzia kwa mwajiri. Wauguzi na wahudumu wa wazee bado wananiuliza sana kuhusu kazi ya uangalizi Uingereza. Mlango huo ulifungwa kwa waombaji wapya kutoka nje ya nchi hiyo tarehe 22 Julai 2025. Siku hiyohiyo kiwango cha kawaida cha mshahara kwa viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi kilipandishwa hadi pauni 41,700 kwa mwaka. Wakala anayekuuzia leo nafasi ya uangalizi wa wazee kule anakuuzia kitu ambacho hakipo. Kwa kazi za Oman, Saudia na Falme za Kiarabu, nenda kwanza TaESA, Wakala wa Huduma za Ajira, uulize kama aliyekupa kazi ana kibali cha serikali. Mkataba uusome kwa lugha unayoielewa, na nakala yake ibaki kwa mama au mjomba kabla hujapanda ndege. Nchi zote tatu zina ubalozi wetu. Andika namba zake kwenye karatasi, maana simu inaweza kuchukuliwa.

Jirani zetu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki nitawapitia haraka: kuingia Kenya, Uganda au Rwanda huhitaji viza, lakini kuajiriwa kule kunahitaji kibali cha kazi.

Mlango ambao vijana wetu wengi hawaujui ni wa kutafuta kazi ukiwa kulekule. Ujerumani ilianzisha Chancenkarte, kadi ya fursa, tarehe 1 Juni 2024. Inakupa hadi mwaka mmoja wa kutafuta kazi, na katika muda huo unaruhusiwa kufanya kibarua cha hadi saa 20 kwa wiki. Uwe na shahada, au mafunzo ya ufundi ya angalau miaka miwili yanayotambuliwa na serikali yetu, pamoja na Kijerumani cha A1 au Kiingereza cha B2 (viwango vya lugha hupanda hivi: A1 ya anayeanza, kisha A2, B1, B2 na kuendelea). Kisha zinahesabiwa pointi, na unahitaji 6.

Tuhesabu pamoja. Chukua kijana aliyemaliza shahada ya biashara UDOM, ana miaka 29, amefanya kazi ya fani yake miaka miwili katika mitano iliyopita, na amesoma Kijerumani hadi B1. Umri chini ya miaka 35 ni pointi 2. Uzoefu, 2. Lugha, 2. Zimetimia. Angeishia A2 angepata pointi 1 tu ya lugha na kubaki na 5, kwa hiyo miezi ya kusoma lugha si ya kuruka. Kabla ya yote aangalie kwenye Anabin, kanzidata ya Ujerumani ya vyuo na shahada za nje, kama chuo na shahada yake vinatambuliwa.

Hatua ya 3: Sawazisha majina yako

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko mahali pengine popote. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanahamisi, cha kidato cha nne kinasema Mwanahamis. Shuleni uliandikishwa kwa jina la baba, NIDA wakaandika la babu. Sisi tunaelewana, ila afisa aliyeko mbali anaona watu wawili.

Tandaza mezani cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA, vyeti vya shule na cheti cha ndoa kama unacho. Soma herufi moja baada ya nyingine, na tarehe za kuzaliwa pia. Kama kuna tofauti, shughulikia kabla ya kuomba pasipoti, kwa sababu pasipoti ikishatoka na kosa utarekebisha mara mbili. Kosa la cheti cha kuzaliwa linapelekwa RITA, wanaosajili vizazi. Jina lililobadilika kabisa linahitaji hati ya kubadili jina iliyoandaliwa na wakili na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati. Kiapo kilichogongwa muhuri kwa haraka mara nyingi hakitoshi.

Baada ya hapo ndipo uombe pasipoti mtandaoni kwenye mfumo wa Uhamiaji. Ada ni Sh 150,000. Hati zilizoandikwa kwa Kiswahili zitahitaji tafsiri, na BAKITA wanatoa huduma hiyo. Nchi nyingine zitataka vyeti vithibitishwe na Wizara ya Mambo ya Nje.

Hatua ya 4: Onyesha fedha, na zilikotoka

Mwanafunzi wa Ujerumani anatakiwa kuonyesha euro 11,904 kwa mwaka, yaani 992 kwa mwezi, kwa kawaida kwenye akaunti ya zuio, ambayo fedha yake utaitoa kidogokidogo ukifika. Kwa kadi ya fursa, kiwango cha mwaka 2025 kilikuwa euro 1,091 kwa mwezi. Mwanafunzi wa Uingereza anayetakiwa kuonyesha fedha, lazima zikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango, hata kwa siku moja.

Tatizo la familia zetu ni kwamba fedha haikai benki. Iko zizini, au shambani Hombolo ikisubiri zabibu zivunwe. Baba anauza ng'ombe kumi mnadani Msalato, anaweka zote siku moja, na afisa anaona milioni nyingi zimeshuka kutoka mbinguni. Fedha hiyo ni halali, kinachokosekana ni maelezo. Hifadhi stakabadhi za mnada. Kama ni zabibu, omba barua ya mnunuzi au ya chama cha ushirika. Mtendaji wa kijiji aandike kwamba anaitambua mifugo au shamba la mzee wako. Kisha wewe andika barua ya ukurasa mmoja: tarehe hii ziliingia kiasi hiki, zimetokana na hiki, ushahidi ni kiambatisho namba fulani. Usikope kwa rafiki ili salio linone kwa wiki moja. Miamala ya miezi iliyotangulia itakuumbua.

Hatua ya 5: Safari ya Dar

Balozi nyingi bado ziko Dar es Salaam, na kuchukuliwa alama za vidole kunakuhitaji wewe mwenyewe. Treni ya SGR imeturahisishia, lakini usipange kufika asubuhi ya miadi. Lala Dar. Kama unakwenda Uingereza kwa zaidi ya miezi 6 utahitaji cheti cha kipimo cha kifua kikuu kutoka kliniki iliyoidhinishwa, nacho hudumu miezi 6, hivyo usikichukue mapema mno. Kwenye mahojiano rudia ile sentensi ya hatua ya kwanza. Swali likiwa fupi, jibu liwe fupi.

Hatua ya 6: Jibu likija

Ukinyimwa, soma barua mstari kwa mstari na ujibu sababu waliyoitaja kwa ushahidi mpya. Kupeleka kabrasha lilelile wiki inayofuata ni kulipa ada ya pili ili usome barua ileile. Ujerumani ilifuta utaratibu wa kupinga uamuzi ubalozini kuanzia 1 Julai 2025. Sasa ni kuomba upya au kwenda mahakamani kule. Ukiulizwa popote kama umewahi kunyimwa, sema ndiyo. Uingereza inaweza kukufungia miaka 10 kwa hati ya kughushi au uongo kwenye maombi.

Ukipewa, kagua jina, tarehe na masharti ya viza hapohapo, kabla ya kukata tiketi. Vyeti halisi viwe kwenye begi la mkononi. Na kama mpango wako ni kukaa kule hadi uraia, zungumza na wakili kabla ya kula kiapo cha nchi nyingine, kwa sababu sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili.