Unataka unesi? Soma hii kwanza kabla hujalipa ada

Wadogo zangu wa Mbeya mliomaliza foumu foo, msikurupuke. Diploma ya uuguzi ni miaka 3, wanaangalia angalau D nne, humo lazima bailojia, kemia na fizikia ziwepo (dini haihesabiwi), na chuo hakikisha kimesajiliwa NACTVET (baraza la taifa linalosimamia vyuo vya kati) maana matapeli hawaishi. Ukimaliza bado hujawa nesi, mpaka upate leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga.

Mhudumu wa afya ni kitu kingine, yeye anatandika vitanda, anasukuma machela, anamgeuza mgonjwa asipate vidonda vya mgongo, alfajiri Julai na baridi yetu hii maji yanauma vidole na bado unafua mashuka. Sindano hachomi, hata akibembelezwa.