Kupiga Polishi na Waksi kwa Mashine: Mwongozo kwa Anayeanza

Liegeshe juani gari jeusi ambalo limeoshwa miaka mitatu kwa tambara na sabuni ya unga, kisha uinamie boneti yake. Pale jua linapogonga utaona maelfu ya mistari myembamba iliyojipanga kwa duara, mithili ya utando wa buibui. Mistari hiyo kwa kawaida haiko kwenye rangi yenyewe, bali kwenye klia, yaani lile tabaka angavu linalopulizwa juu ya rangi ili kuipa mng'ao na kuikinga na jua. Polishi haiizibi mikwaruzo hiyo, kama wengi wanavyodhani. Inaiparura klia pole pole mpaka uso wake ushuke kufikia chini ya mkwaruzo. Klia ya kiwandani huwa na unene wa takriban mikroni 40 hadi 50, ambao ni kama nusu ya unene wa karatasi ya kawaida ya kuchapishia. Kwa hiyo kila unapopiga polishi unachota kwenye akiba isiyojazwa tena, na ndiyo sababu fundi mzuri huanza na njia hafifu kabisa, akaongeza nguvu pale tu anapolazimika.

Jambo la kwanza, basi, ni kujua kisichotibika. Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo bila kukandamiza: ukikwama, mkwaruzo huo ni wa kina, na kuufukuza mpaka uishe ni kuimaliza klia ya mahali pale. Uache, au umwone fundi rangi. Vilevile magari mengi ya mtumba yaliyokaa juani miaka mingi huwa na mabaka meupe kwenye boneti na paa, yenye kingo zinazobanduka kama ngozi iliyoungua. Hapo klia imekwisha kufa. Mashine itaibandua zaidi, na dawa yake ni kupaka rangi upya. Ukiona sponji ya mashine inachukua rangi ya gari, fahamu kwamba sehemu hiyo ilipakwa rangi isiyo na klia juu yake. Inaweza kupolishiwa, ila kwa tahadhari, kwa kuwa unachokula hapo ni rangi yenyewe.

Gari lioshwe vizuri kuliko siku zote, kwa shampuu ya magari na ndoo mbili: moja ya shampuu, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia glavu ya kuoshea kabla ya kuirudisha kwenye shampuu. Chembe moja ya mchanga iliyobaki itazungushwa na mashine kama msasa. Wanaotumia maji ya kisima yenye chumvi, kama ilivyo kwa wengi Dar es Salaam, wakaushe gari mara moja kwa taulo laini, kwa kuwa maji hayo yakikaukia juani huacha madoa meupe ambayo ni kazi nyingine kuyaondoa.

Baada ya kukausha, vaa mfuko mwembamba wa plastiki mkononi na upapase bodi. Mfuko huo huongeza hisia za vidole, na mara nyingi utashangaa kugundua kwamba rangi uliyoiona safi ina vipelepele: utomvu wa miti, lami, na vumbi la chuma linalotoka kwenye breki. Hivyo huondolewa kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi, unaofinyangwa bapa na kuteleza juu ya bodi iliyolowanishwa kwa maji yenye shampuu kidogo. Udongo ukianguka chini, utupe hata kama ni mpya, kwa sababu mchanga ulioshikwa nao hautoki.

Kuhusu mashine, anayeanza anunue ile ambayo sahani yake huzunguka huku ikiyumba nje ya kitovu, inayojulikana kwa kifupi kama DA. Ukiikandamiza mno sahani huacha kuzunguka, na tabia hiyo huwaokoa wengi. Mashine ya mzunguko mmoja hukata haraka zaidi, lakini joto lake hukusanyika mahali pamoja na mkono mgeni huunguza klia kwa sekunde chache. Grainda ya kukatia vyuma iliyofungwa sponji ni balaa: grainda ndogo ya kawaida huzunguka takriban mara 11,000 kwa dakika, ilhali mashine ya polishi ya mzunguko mmoja haivuki sana mara 3,000.

Tafuta kivuli, na bodi iwe ya baridi mkononi. Kivuli cha mwembe hakifai, kwa sababu ya utomvu na ndege. Bandika tepu ya karatasi kwenye mipira ya madirisha, plastiki nyeusi na nembo, kisha chagua eneo la sentimita 50 kwa 50 katikati ya boneti liwe la majaribio. Weka sponji laini na polishi nyepesi, matone matatu au manne yenye ukubwa wa punje ya choroko. Sambaza kwa mwendo mdogo, kisha pandisha hadi namba 4 au 5 kwa mashine yenye namba 6. Ishike sahani ilale bapa, ukiisogeza polepole, kama sentimita 3 kwa sekunde, kila mstari ukifunika nusu ya ule uliotangulia. Ukimaliza kwenda kushoto na kulia, pita juu na chini, mpaka eneo zima limepitiwa mara nne hadi sita. Uzito wa mashine pamoja na mkono uliotulia unatosha.

Futa kwa kitambaa cha maikrofaiba na umulike kwa tochi kali, chumba kikiwa na giza kiasi. Kwa kuwa mafuta ya polishi huficha mikwaruzo kwa muda, pangusa kwanza kwa alkoholi ya isopropili iliyochanganywa na maji, ndipo uamue. Mistari ikiwa imepungua kwa kiasi kinachokuridhisha, endelea hivyo gari zima. Isipopungua, badili sponji iwe ngumu kidogo. Ikishindikana tena ndipo uchukue kompaundi ya kukata, yaani polishi yenye makali zaidi, ambayo utaifuatilia na polishi nyepesi ili kuondoa ukungu inaouacha. Mimi huridhika mikwaruzo minane kati ya kumi ikiondoka, na hiyo miwili ninaiacha, gari lipate kupolishiwa tena siku nyingine.

Kingo ndizo zinazoumiza watu. Kwenye ncha ya boneti, mkunjo wa mlango na kona za bampa, klia huwa nyembamba kuliko kwingineko, na plastiki ya bampa haisambazi joto kama bati. Nilijifunza hilo kwenye gari langu mwenyewe: nilikuwa nikimalizia boneti kwa kasi ileile niliyotumia katikati, na nilipofuta nikakuta ukingoni mstari wa kijivu wenye urefu wa kidole, mahali klia ilipokwisha. Tangu hapo huzifunika kingo kwa tepu na kuzimalizia kwa mkono. Kila baada ya eneo moja, isugue sponji kwa brashi laini, na uwe na sponji tatu au nne za kubadilisha, kwa maana iliyojaa unga wa klia huleta joto na mikwaruzo mipya.

Waksi haikati chochote, hukinga tu. Ile ya kanauba, inayotokana na majani ya mti wa Brazili wa jamii ya minazi, hutoa mng'ao wenye kina unaopendeza hasa kwenye rangi nyeusi na nyekundu, lakini chini ya jua la pwani haidumu. Ile ya kutengenezwa kiwandani hukaa muda mrefu zaidi. Yoyote utakayochagua, paka tabaka jembamba kiasi cha kuonekana kwa shida, kwa sponji laini na mashine ikiwa kwenye kasi ya chini kabisa. Subiri kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, kisha pitisha kidole: kikiacha njia safi inayong'aa, futa; kikiacha ukungu uliochafuka, ngoja kidogo. Tabaka nene halikingi zaidi, huchosha mikono yako tu wakati wa kufuta.

Maji yakinyunyizwa yanapaswa kujikusanya kuwa matone ya duara na kuteremka. Siku utakapoona yametandaa kama shuka, osha gari na upake waksi tena kwa mkono, na mashine uiache kabatini.