Kumtembelea mzazi bila kumtia aibu ya maziwa

Mie ni mhudumu wa afya ya jamii hapa Jambiani, Unguja, napita nyumba kwa nyumba kuangalia wazazi na vichanga. Maziwa ya mama nayaamini kwa moyo wote: mtoto awekwe ziwani ndani ya saa ya mwanzo, anyonye bila hata tone la maji hadi miezi 6, kisha aendelee kunyonya pamoja na chakula hadi miaka 2 au zaidi. Nawaandikia wenzangu wa kazi hii, na majirani na mawifi wanaokwenda kumjulia hali mzazi, kwa sababu ya kosa nililolifanya mwenyewe.

Niliingia nyumba moja nikaliona kopo la maziwa ya unga ya watoto juu ya kabati. Nikaanza pale pale: kuharisha, gharama, haki ya mtoto. Mzazi akainamisha kichwa, akaitikia ndio, ndio. Nilivyorudi kopo halikuwepo, nikafurahi. Kumbe lilikuwa chini ya kitanda. Na kwa kuwa hakuthubutu kuniuliza kitu, alikuwa akitia kijiko kimoja panapotakiwa vitatu ili kopo lifike mwisho wa mwezi. Mtoto alikuwa akishiba maji. Mizani ndiyo iliyotuambia. Alipona, alhamdulillahi, lakini aibu ile niliitia mimi.

Basi ukipiga hodi na kukaribishwa, kaa mkekani, na macho yako yamtafute mama. Muulize, "Jana umelala?" na "Usiku nani anakusaidia?" Suali la "Unanyonyesha?" usianze nalo, maana atakujibu unachotaka kusikia. Mwambie, "Nieleze mtoto anakula vipi," kisha nyamaza. Akisema maziwa hayatoki, usimkatalie. Muombe amnyonyeshe uangalie. Mdomo wa mtoto uwe umepanuka, kidevu kimegusa ziwa, na ule weusi unaozunguka chuchu uonekane zaidi juu kuliko chini. Ikiuma sana, apenyeze kidole kisafi pembeni mwa mdomo, amwachishe, aanze upya. Mtoto aliyepita siku 5, akikojoa mara 6 au zaidi usiku na mchana na uzito unapanda, maziwa yanamtosha. Mama aliyekesha akijiona hana kitu anahitaji kuambiwa hivyo, polepole, mara mbili.

Huku kwetu wengi wanalima mwani. Bamvua likifika na maji yakishakupwa, mtu hushuka pwani kwa saa kadhaa, na hana hiari. Usimwambie abaki nyumbani, mwani ndio mchele wao. Mfundishe kukamua. Mikono ioshwe kwa sabuni, kidole gumba kikae juu na vingine chini, nyuma kidogo ya ule weusi. Abonyeze kuelekea kifuani, kisha akamue bila kuburura ngozi. Maziwa yawekwe kwenye chombo safi chenye mfuniko, kivulini penye ubaridi, yatumike ndani ya saa 4. Aliyebaki na mtoto amnyweshe kwa kikombe.

Na huyo anayebaki mara nyingi ni mama mkwe, kwa hiyo akae nanyi tangu mwanzo, msimfanye mgeni nyumbani kwake. Maji na uji wa mapema mueleze kwa adabu kwa nini si wakati wake. Asali isubiri mpaka mtoto atimize mwaka. Akimlaumu mkaza mwanawe kwa kuachisha mapema, mie humkumbusha Al-Baqara, aya ya 233. Watu huishia pale pa kunyonyesha miaka miwili kamili. Aya inaendelea: hakalifishwi mtu ila kwa uwezo wake, mama asitiwe taabuni kwa ajili ya mwanawe, na wazazi wakiridhiana na kushauriana kumwachisha, hakuna dhambi juu yao. Nimeona nyuso zikilegea kwa maneno hayo.

Kama ni kopo, sababu usiidai. Wengine wana sababu isiyosemeka mbele ya watu waliokaa ukumbini. Muoneshe kutayarisha. Maji yachemke, yakishaepuliwa yasikae zaidi ya nusu saa, maana huo moto ndio unaoua vijidudu vya kwenye unga. Kijiko cha humo humo koponi, kisawazishwe, idadi ile iliyoandikwa, isipungue wala isizidi. Yapoe ndipo anyweshwe, na yaliyobaki baada ya saa 2 yamwagwe. Kikombe husafishika vizuri kuliko chupa. Akitaka kubakisha kunyonyesha usiku, mwambie inawezekana, ziwa linalonyonywa ndilo linalotengeneza. Ukimaliza hapo, usiongeze "lakini".

Ukali una mahala pake. Wiki ya unyonyeshaji, tarehe 1 hadi 7 Agosti, ukipewa kipaza sauti sema kwa nguvu zote. Tangu 1981 ipo kanuni ya kimataifa inayowataka wauzaji wasitangaze maziwa ya kopo kwa umma wala kuwagaia kina mama ya bure ya kuonja. Wadai hao. Chumbani kwa mzazi aliye ndani ya arubaini yake ukali huo usiingie nao.

Kabla ya kuaga, mtajie siku utakayorudi, isizidi siku 3, na urudi siku hiyo hiyo, kopo liwepo au lisiwepo.