Kutengeneza Njia ya Miguu Iliyomomonyoka Nyikani

Kabla hujashika sururu, ipitie njia yote siku ya mvua na utazame maji yanaingilia wapi, yanakimbilia wapi na yanatuama wapi, kwani nyayo huua majani na kushindilia udongo, lakini yanayochimba korongo hasa ni maji. Katika nyika za nyanda za juu zenye udongo wa mboji, yaani udongo laini wa mimea iliyooza unaonyonya maji mengi, uharibifu huenea upesi: wapitaji hulikwepa tope kwa kukanyaga ukingoni, ukingo nao hugeuka tope, na njia iliyokuwa ya mtu mmoja hupanuka ikawa kama uwanja.

Kwa hiyo anza na maji. Upande wa juu wa njia chimba mtaro wa kukinga maji yanayoteremka mlimani, kisha kwenye mwinuko zika safu za mawe makubwa zinazoikatiza njia kwa mshazari, ili maji yaelekezwe nje upande wa chini. Kadiri mteremko unavyozidi, ndivyo safu zikaribiane. Safu iliyokatiza moja kwa moja bila mshazari, kosa ambalo hata mafundi hulifanya, hujaa changarawe na maji huiruka.

Penye mteremko mkali panga mawe kuanzia chini kwenda juu. Kila jiwe lisimamishwe, urefu wake uzame ardhini na uso bapa ubaki juu, halafu mianya ijazwe vipande vya mawe vinavyogongwa kwa nyundo mpaka jiwe lisitikisike hata ukilikanyaga pembeni. Jiwe lililolazwa hupendeza machoni, lakini ndilo la kwanza kung'oka.

Kwenye mboji yenye kina mawe madogo huzama, hivyo yafaa mabamba mapana ya mawe yanayoelea juu ya udongo. Pennine Way, njia ndefu ya miguu ya Uingereza iliyofunguliwa mwaka 1965, imetandikwa hivyo katika sehemu kadhaa, kwa mabamba yaliyokuwa sakafu za viwanda vya zamani vya pamba na kupelekwa huko kwa helikopta.

Udongo uliobaki wazi ufunike kwa wavu wa juti au kwa matawi yenye mbegu yaliyokatwa kwenye vichaka vya hapo hapo. Kazi isifanywe wakati ndege wanaotaga chini wanapoatamia. Baada ya kila mvua kubwa rudi na koleo uizibue mitaro, maana majani na changarawe za kujaza kiganja hutosha kuyarudisha maji njiani.