Somo: Kuibadili ngome ya Lego, na kwa nini uanzie langoni

Somo hili nimelipanga kwa wenye seti ya Lego (vile vipande vya plastiki vya kupachikana) namba 10305, Lion Knights' Castle, iliyotoka mwaka 2022 ikiwa na vipande 4,514. Mwenye seti nyingine, au mwenye mfuko wa vipande vya mtumba, naye afuate tu, kwani vipimo ni vilevile.

Seti hii naipenda sana na simshauri mtu aibomoe yote. Ila imebuniwa ipendeze ukiitazama, na ngome za Ulaya za zama za kati zilijengwa na watu wenye mali na hofu. Kabla hujaongeza hata kipande kimoja, jiulize: mwenye ngome hii alimhofia nani, na adui huyo angeingilia wapi? Mara nyingi jibu ni lango. Ndiyo maana sehemu kubwa ya somo iko hapo.

Hatua ya 1: Vipimo, kisha kubomoa

Nundu ni vile vivimbe vya duara juu ya kipande; kutoka moja hadi nyingine ni milimita 8. Tofali lina kimo cha milimita 9.6, bamba, kile kipande chembamba, milimita 3.2. Kwa hiyo mabamba matatu ni tofali moja, na mabamba matano yana milimita 16, sawasawa na upana wa nundu mbili. Shika sana hesabu hii ya pili, maana ndiyo inayokuwezesha kulaza vipande ubavu na vikakaa bila pengo.

Mtu wa Lego ana kimo cha sentimita 4 hivi. Ukimhesabu kuwa ni mtu wa mita 1.7, basi ngome yako imepunguzwa zaidi ya mara 42. Ngome ya seti ina sentimita 38, sawa na jengo la mita 16. White Tower, yaani Mnara Mweupe, ule mnara mkuu wa ngome ya London, ina mita 27. Basi usiogope kupandisha minara ya lango safu tano au sita zaidi. Bado itakuwa ngome ya wastani.

Bomoa safu baada ya safu, piga picha kila unapofika, na weka kila safu kwenye bakuli lake. Tumia kile kipande cha rangi ya chungwa cha kutenganishia. Alama ya meno kwenye plastiki haitoki.

Hatua ya 2: Lango

Mfano wangu ni ngome ya Bodiam, East Sussex, Uingereza. Mwaka 1385 Mfalme Richard II alimpa Edward Dalyngrigge kibali cha kuijenga. Imezungukwa na maji pande zote, na lango la ngome kama hii linafundisha mambo matatu.

La kwanza ni ukingo uliotokeza juu ya mlango, wenye mianya sakafuni ya kuangushia mawe. Panga vipande vya mteremko vilivyopinduliwa, nundu moja ya nafasi kati ya kimoja na kingine, halafu jenga ukuta mwembamba juu ya ncha zake za mbele tu. Nyuma ya ukuta huo usifunike. Inua ngome, tazama kutoka chini: usipoona mwanga, umejenga pambo, rudia.

La pili ni matundu kwenye dari ya njia ya kuingilia. Adui akishavunja mlango, bado yuko chini ya watu wako. Toa mabamba ya dari, weka mabamba ya Technic (jamii ya vipande vya Lego vyenye matundu) ya 2x4, yaani nundu mbili kwa nne, yale yenye matundu matatu. Chumba cha juu kiache wazi, askari wawili wasimame pale. Wavu wa chuma wa lango uhakikishe bado unapanda na kushuka. Nyuzi na magurudumu yake usiyaguse.

La tatu ni tundu la mshale, na hapa wengi hukosea. Wanaacha uwazi wa nundu moja. Kwa vipimo vyetu huo ni uwazi wa sentimita 34, karibu mtoto apite. Chukua matofali mawili ya 1x1 yenye nundu ubavuni, yatazamane kwenye uwazi huo, kila moja ukilibandika kigae (bamba laini lisilo na nundu) cha 1x1 kabla ya kuliweka ukutani. Vigae viwili vinakula milimita 6.4, inabaki milimita 1.6, yaani karibu sentimita 7 za kweli. Fanya hivyo kwenye tabaka la nje tu. Tabaka la ndani acha nundu mbili wazi, kwa sababu tundu la kweli lilikuwa jembamba nje na pana ndani, mpiga upinde apate pa kugeukia. Halafu kila tundu lilenge mahali: daraja, mlango, au mguu wa mnara wa jirani. Tundu linalotazama mwamba liondoe.

Hatua ya 3: Kuta na chokaa

Matofali ya 1x2 yenye mistari ya mawe usiyanyunyize kila mahali. Yakusanye chini ya ukuta na kwenye pembe, katikati pabaki laini.

Sasa jambo ninalolipigania kila nikipata nafasi: si lazima ngome iwe ya kijivu. Mwaka 1240 Mfalme Henry III aliamuru ule mnara wa London upakwe chokaa, na mifereji ya maji ya mvua ishushwe hadi chini ili ukuta usichafuke. Hilo White Tower ni jina lililotokana na rangi. Chagua mnara mmoja, wa bwana mwenyewe, uvike vigae vyeupe na vichache vya rangi ya mchanga. Chini, ambako chokaa imebanduka, acha kijivu. Pachika fimbo ya kijivu iliyokoza kwenye pembe iwe mfereji. Mnara mweupe kati ya kuta za mawe unaonyesha papo hapo nani anakaa wapi.

Hatua ya 4: Bawaba na maji

Ngome hii hufunguka. Kila ukimaliza safu, ifunge na kuifungua. Handaki la maji lijenge juu ya mabamba ya pembeni yasiyoshikana na ngome, uyavute pale unapotaka kufungua. Chini weka kahawia na kijani kilichokoza, juu yake vigae vya buluu vinavyopitisha mwanga. Buluu tupu inafanana na bwawa la kuogelea.

Maswali ya wanachama

Fundi, nina vipande vya ngome za zamani za kaka yangu, kijivu chake kimepauka kuelekea njano. Nikichanganya?

Changanya, mdogo wangu. Kijivu kilibadilishwa mwaka 2004, kipya kina ubuluu kidogo. Tumia cha zamani kwa jengo zima, kama zizi au ukuta wa nje, ionekane ulijengwa kabla. Ukivichanganya tofali kwa tofali inakuwa madoa.

Shikamoo mwalimu. Mimi niko Dar. Vipande vya ziada napata wapi bila kununua seti nyingine?

Marahaba. Soko la mtandaoni la BrickLink huuza kipande kimoja kimoja. Kwanza ijenge ngome kwenye programu ya kompyuta iitwayo Studio, ni ya bure, itakupa orodha kamili. Kisha tafuta muuzaji mmoja mwenye vipande vingi vya orodha yako, hata kama bei yake imezidi kidogo. Kinachoumiza ni nauli ya vifurushi vitano.

Niko Mombasa. Naweza kutumia mbinu hizi kujenga Fort Jesus?

Za kuta ndiyo, za lango chache. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, mizinga ikiwa imeshatawala vita. Minara mirefu ingekuwa shabaha. Jenga ukuta mnene, ulioegemea ndani kidogo, na ngome za pembeni zilizochongoka. Rangi ya mchanga itakufaa kuliko kijivu. Ukianza, tuletee picha.

Mwalimu, vumbi limejaa kwenye vile vitundu vya mishale. Niioshe nzima?

Brashi laini ya rangi inatosha. Ikibidi maji, yasizidi nyuzi joto 40, sabuni kidogo, na ukaushe kivulini. Bendera za kitambaa, nyuzi za daraja na vipande vyenye stika toa kwanza.