Jinsi ya kuongoza mjadala wa filamu iliyowaudhi watazamaji

Kwanza mafuta ya jenereta, halafu filamu. Wengi wanaofungua chumba cha video hapa Goma hununua mafuta ya kutosha filamu peke yake, na mjadala unakatikia gizani pale pale unapoanza kunoga. Prometheus ya Ridley Scott, ambayo nitaitumia kama mfano, ina dakika 124. Ongeza saa nzima ya kubishana. Anza saa nane mchana, giza lisije likawakuta watu njiani.

Kwa nini Prometheus? Kwa sababu filamu mbovu kabisa haizai mjadala. Watu wanacheka, wanamaliza sambaza zao, vile visamaki vya ziwani, wanaenda. Inayofaa ni ile iliyopigwa picha vizuri, ina waigizaji wa maana, ina bajeti unayoiona kwa macho, na bado mtu anatoka amekunja uso. Prometheus ilitoka mwaka 2012 kusimulia mambo yaliyotangulia Alien ya mwaka 1979, na mwongozaji ni yule yule. Hapo ndipo hasira ilipo. Angekuwa mgeni amevamia kazi ya mwenzake, tungesema hakuelewa. Huyu aliijenga nyumba mwenyewe.

Alien yenyewe usiionyeshe siku hiyo hiyo. Mbili pamoja ni saa nne, na mabenchi yangu hayana mgongo. Ionyeshe wiki iliyotangulia. Kama muda hauruhusu, onyesha kipande kimoja tu: pale watu watatu wa Nostromo, chombo cha angani cha filamu hiyo, wanapoingia kwenye chombo kilichokufa na kukuta jitu limekauka kwenye kiti chake, mbavu zimepinda kwa nje. Simamisha picha hapo. Waulize watu: huyu ni nani, na nini kilitoka kifuani mwake? Waache wakae na swali hilo wiki nzima, maana ndilo swali walilolipia kiingilio.

Siku ya Prometheus, simulia kwa Kiswahili dakika mbili kabla ya kuwasha. Nakala tunazopata ni za Kifaransa na si kila mtu anakifuata, hasa wanasayansi wanapoongea kwa haraka. Sema tu hivi: mwaka 2093, chombo kinafika kwenye mwezi uitwao LV-223, kimebeba watu wanaowatafuta Wahandisi, majitu wanaoamini kwamba ndiyo yaliyotuumba. Usiongeze neno. (Kuna mahali roboti David anaongea na jitu kwa lugha ya kale, bila maandishi chini. Hapo chumba kizima kiko sawa, aliyesoma na asiyesoma, na lazima atokee kijana wa kututafsiria uongo. Mwache.)

Baadaye chukua chaki, gawa ubao sehemu tatu: kosa la mhusika, kosa la filamu, na hamu yetu. Kazi yako yote kama kiongozi ni hiyo. Kila lalamiko likitoka, usiulize kama ni la kweli. Uliza liandikwe wapi. Utaona jinsi watu waliokuwa wanapiga kelele wanavyoanza kufikiri.

Anza na kofia, kwa sababu hata usipoanza nayo wataanza wenyewe. Ndani ya jumba la mawe wanalolikuta kule mwezini, vipimo vinasema hewa inapumulika. Holloway, mmoja wa wanasayansi, anavua kofia yake ya anga, wenzake wanamfuata. Sasa, huwezi kuonyesha jambo hilo kwa watu wa Goma halafu utegemee wanyamaze. Sisi tunaishi na mazuku. Kaboni dioksidi inatoka ardhini, ni nzito kuliko hewa, inatuama kwenye mashimo na mabonde upande wa ziwani kuelekea mji wa Sake. Mtu mzima anaweza kupita wima asihisi kitu, na mbuzi pembeni yake akadondoka. Kijana mmoja alipoitetea filamu kwamba kipimo kilionyesha hewa ni safi, mama mmoja wa upande wa Sake alimuuliza, «Mwanangu, walipima kwenye kimo cha nani?» Kijana alikaa chini.

Papa mmoja, mzee wa makamo, akaongeza lake: kipimo cha hewa hakipimi ugonjwa. Huu ndio mji ulionawa maji ya klorini kwenye milango ya maduka na makanisa mwaka 2019, Ebola ilipofika. Hapa mtoto wa shule anajua usiloliona ndilo la kuogopa, na wale waliovuka anga hawajui?

Hapo chumba kizima kitataka uandike kosa la mhusika, yaani Holloway ni mjinga. Usiandike bado. Uliza swali la pili: kofia ile ilimletea nini? Wape muda wakumbuke. Holloway anaugua, ndiyo, lakini si kwa hewa. Anaugua kwa sababu roboti David alitia kwenye kinywaji chake tone la majimaji meusi yaliyotoka kwenye jumba lile. Ujinga wa kofia haukuzaa chochote. Ungemwua, tungesema kiburi kimemponza, na hadithi ingekwenda. Lakini filamu iliwavua kofia ili tuone nyuso za waigizaji, kisha ikasahau. Andika: kosa la filamu.

Swali hilo la pili, kwa maneno mengine, ndilo kipimo chako: je, filamu yenyewe inajua kwamba hapa mtu amekosea? Litumie tena kwa Fifield. Huyu ndiye mtaalamu wa miamba, ndiye aliyerusha vile vidude vyekundu vinavyoruka na kuchora ramani ya jumba zima. Ndiye anayepotea. Atatokea wa kusema ramani iko chomboni kwa nahodha Janek. Sawa, lakini wanaongea na Janek kwa redio usiku ule ule! Network ilikuwepo. Na mwenzake Millburn, mtaalamu wa viumbe, mchana anakimbia maiti ya jitu lililokufa zamani, usiku anambembeleza nyoka hai anayetoka kwenye tope jeusi. Haya usiyachelewe. Yanaingia safu ya pili bila ugomvi.

Ugomvi wa kweli uko kwenye chombo cha Wahandisi kinachoanguka na kubingirika. Vickers, bosi wa safari, na Shaw, mwanasayansi mwenzake Holloway, wanakimbia mbele yake, moja kwa moja, wakati nafasi iko kushoto na kulia. Watu wanapiga meza. Chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya mizigo, iliyojaa viazi ikiteremka bila breki, hata mlevi wa mtaa wa Birere anajua kukaa pembeni! Niliposikia hivyo nilikuwa tayari na chaki. Lakini yaya mmoja, dada mkubwa ambaye haongei sana, akasema usiku wa tarehe 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipopasuka, yeye alikimbia kwa kufuata mgongo wa mtu aliyekuwa mbele yake, na hakuwahi kujiuliza moto unaelekea wapi. Wengine mle ndani walikuwa barabarani usiku huo huo. Mezani palitulia. Tuliandika kosa la mhusika, na mimi nakubali: binadamu anakimbia hivyo. Kama kwako hakuna mtu wa kusema neno kama hilo, lisemee wewe, kwa sababu mjadala wa makosa bila mtetezi unageuka kuwa masengenyo.

Mashine ya upasuaji iweke mwishoni, na waonye wajawazito na wenye watoto kabla haijafika. Shaw, akiwa na kiumbe tumboni, anajilaza, mashine inamwambia imewekwa kwa wagonjwa wa kiume tu, naye anabadilisha maneno ya ombi lake hadi inakubali kumpasua tumbo. Hapa lazimisha watu waseme kilicho kizuri. Watasita, wameshazoea kulaumu. Wasaidie: kwa nini mashine ya kifahari ndani ya sehemu ya Vickers ni ya mwanaume? Kwa sababu mzee Weyland, tajiri aliyeigharimia safari, amefichwa mle chomboni. Filamu ilitupa jibu mapema bila kulitangaza. Ndivyo inavyotakiwa.

Halafu wanawake watakurudisha chini. Dakika chache baadaye Shaw anakimbia, anaruka, anadondoka, anasimama. Waliojifungua kwa sezariene hawahitaji chaki yako kwa hilo. Waache waandike wenyewe.

Safu ya tatu, hamu yetu, ndiyo inayodanganya. Hapo wanaweka yale ambayo filamu haikuwa na deni nayo. «Mnyama wa Alien yuko wapi?» Hilo ni hamu. Lile jitu kwenye kiti je? Ni vigumu zaidi. Alien inatokea kwenye mwezi mwingine, LV-426, na hii LV-223, kwa hiyo kile chombo si kile. Mwandishi wa kwanza, Jon Spaihts, alikuwa ameiweka hadithi yake LV-426, karibu sana na filamu ya zamani. Alipokuja Damon Lindelof, ikasogezwa mbali. Waambie hayo, kisha wapige kura kama walidanganywa au walijidanganya. Kwangu kura hugawanyika.

Kuhusu kwa nini Wahandisi walitaka kutuangamiza, atasimama aliyeona Alien: Covenant ya mwaka 2017 na kuanza kufafanua. Mkatishe kwa heshima. Filamu isimame kwa miguu yake. Mtu hakununua tiketi ya miaka mitano.

Wakitaka nyingine, chukua The Thing ya mwaka 2011, inayotangulia ile ya John Carpenter ya 1982. Ugonjwa wake ni kinyume: ni tiifu mno kwa filamu ya zamani. Katika ile ya 1982 tunaingia kambi ya Wanorwe iliyoungua, tunaona shoka limekwama, mtu ameganda kitini na koo limekatwa, maiti yenye nyuso mbili. Andika vyote ubaoni kabla ya kuwasha, na wagawie watazamaji, kila mmoja alinde kimoja. Kila kimoja kinapoelezwa, mwenye nacho anyanyue mkono na kusema kama alifurahi au alikuwa amekwishajua.